Do hukuipata kwa sababu haimo: jibu kwa mwalimu wa kwaya kuhusu muziki wa karne ya 20

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa faida ya wasomaji wengine naifupisha. Unafundisha kwaya kwa solfa, yaani kwa kuziita nota do, re, mi, kwa zaidi ya miaka 20. Kwaya yako imeimba Handel na Mozart, na nyimbo zote mmeziandika kwa mkono kwenye madaftari. Mpwa wako aliyerudi kutoka masomoni amekupa rekodi ya Arnold Schoenberg, ile Suite, yaani mfululizo wa vipande vifupi, ya piano yenye namba 25, akakwambia huo ndio muziki mkubwa wa karne ya 20. Ukakaa na kalamu kama unavyofanya kwa kila wimbo mgeni, ukaitafuta Do ili uanze kuandika. Jioni nzima ikaisha hujaipata. Unauliza: sikio langu limezeeka, au huu si muziki? Iliwapata nini watu hawa hata wakauacha muziki ambao wao wenyewe walituletea? Na kama humo ndani kuna kitu, nianzie wapi, na kwaya yangu inaweza kuimba chochote cha namna hiyo?

Sikio lako ni zima. Do hukuipata kwa sababu haimo. Schoenberg aliitoa kwa makusudi, na alijua vizuri anatoa nini. Jioni ile, wewe na kalamu yako mligusa kiini cha habari yote hii, na ningependa tuianzie hapo hapo kwenye solfa, maana sijaona njia bora ya kumweleza mtu wa kwaya mambo ya karne ya 20.

Unapoandika juu ya karatasi "Do = G", wanakwaya unawapa zaidi ya mahali pa kuanzia. Unawapa ukoo mzima. Kila nota inapata tabia yake kutokana na umbali wake na Do. Ti haitulii, inataka kupanda ile hatua ndogo ya mwisho. Fa inaelemea Mi. So ni ya kutegemea, lakini besi ikiishia kwenye So hakuna anayekaa kitini, kwa sababu kila mtu anajua wimbo haujaisha. Mwisho wa "Haleluya" ya Handel, baada ya kile kimya kifupi kinachomfanya kila mtu azuie pumzi, utulivu unaokuja ni kazi ya Do. Kwa takriban miaka 300 watunzi wa Ulaya walimshika msikilizaji kwa njia hiyo: wanamtoa kwenye Do, wanamzungusha, wanamchelewesha, wanamrudisha.

Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, safari hizo zikawa ndefu. Nota unazoziandika kwa nadra, fe na ta na se, zile zinazoingia kati ya nota saba za kawaida, zikaongezeka mpaka zikawa wenyeji. Mwaka 1865 ilichezwa kwa mara ya kwanza opera ya Richard Wagner, Tristan und Isolde. Kodi yake ya mwanzoni, yaani nota kadhaa zinazosikika kwa pamoja, inaamsha kiu, na kiu hiyo haizimwi sawasawa mpaka mwisho kabisa, karibu saa nne za muziki baadaye. Kijana aliyeanza kutunga mwaka 1900 alikuta Do imekuwa kama mzee wa ukoo ambaye jina lake bado linatajwa kwenye vikao lakini hakuna anayemsubiri afike ndipo waanze.

Ndipo likaja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloiunganisha karne nzima: Do isipokuwapo, au ikiwapo bila kutawala, msikilizaji atashika nini? Kila mtunzi mkubwa alijibu kivyake. Kwa hiyo mpwa wako amekosea kidogo. Schoenberg ni jibu moja, na ni jibu zito, lakini yako mengine ambayo yangekupokea vizuri zaidi.

Mfaransa Claude Debussy ndiye ningemtanguliza. Mwaka 1889 kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris, yale yaliyojengewa mnara wa Eiffel. Humo Debussy alisikia gamelani, kundi la ala za shaba kutoka Java. Akakuta muziki wenye adabu zake, uliokomaa, usiojua lolote kuhusu kuondoka Do na kurudi Do. Jambo hilo alilizungumzia kwa miaka mingi baadaye. Sasa nenda kwenye kinanda cha kanisani upige hivi: do, re, mi, fe, se, le, halafu do ya juu. Hatua zote ni sawa. Hakuna Ti inayosukuma wala Fa inayoelemea, na ukikaa humo kwa dakika moja utaona kwamba nota yoyote inaweza kuwa mwisho na hakuna iliyo mwisho. Wimbo wake mfupi wa piano, "Voiles", umejengwa karibu wote kwa ngazi hiyo. Cha kushika kwa Debussy ni rangi ya sauti yenyewe: filimbi inayoanza peke yake katika Prélude à l'après-midi d'un faune ya mwaka 1894, na bahari inayopanda na kushuka ndani ya La mer ya mwaka 1905. Muziki huu haumwudhi mtu, na wengi huupenda bila kujua kwamba hapo ndipo ukuta wa kwanza ulipoanguka.

Igor Stravinsky alichagua mdundo. Usiku wa tarehe 29 Mei 1913, katika Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris, bale yake Le Sacre du printemps ilichezwa mara ya kwanza na kundi la Sergei Diaghilev. Habari yake ni ya sherehe za kipagani za Urusi ya kale, ambapo msichana anacheza mpaka anakufa. Fagoti, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, inaanza juu sana, mahali ambapo haikuzoeleka kuimba, na watu wakaanza kunong'ona. Muda si mrefu ukumbi ukawa na kelele hata wachezaji wakashindwa kuisikia okestra, na mtunga ngoma wao, Nijinsky, alisimama kando ya jukwaa akiwahesabia mapigo kwa sauti. Kondakta Pierre Monteux aliendelea mpaka mwisho.

Sikiliza hasa pale fagoti na wenzake wanapotulia, nyuzi zote zinapoanza kupiga kodi moja tu, ile ile, kwa nguvu. Kodi hiyo ni koo mbili zilizobandikwa pamoja: chini kuna E, juu kuna E flati, zinagombana kwa nusu hatua. Kama utaendelea kutafuta Do hapo utaumia kichwa. Lakini weka mkono mezani ufuate pembe 8 zinazokuja kutia mkazo, sasa hapa, sasa pale, mahali usipotarajia. Mtu aliyekulia karibu na ngoma anajua mara moja kwamba mkazo unaoruka si fujo. Nimewasikilizisha vijana wa kwaya sehemu hiyo bila kuwaambia chochote, na miguu yao ilianza kabla ya nyuso zao kuamua kama wanaupenda. Mwaka mmoja tu baadaye, Aprili 1914, muziki huo ulipigwa Paris bila wachezaji, na Stravinsky akabebwa mabegani na mashabiki.

Sasa turudi kwa Schoenberg, maana ndiye aliyekutesa, na ninataka umtendee haki.

Alizaliwa Vienna mwaka 1874, na kwa sehemu kubwa alijifundisha mwenyewe. Kazi yake Verklärte Nacht, ya mwaka 1899, ni muziki wa nyuzi wenye joto na huzuni, na Do imo. Ungeisikiliza hiyo kwanza usingeniandikia barua. Mwaka 1908, katika kwarteti yake ya pili, alifika ukingoni. Katika sehemu mbili za mwisho anaingiza sauti ya mwanamke, soprano, juu ya ala nne za nyuzi, na katika sehemu ya nne haandiki tena alama ya ufunguo, ile inayoonyesha Do iko wapi. Soprano anaimba shairi la Stefan George linalosema anahisi hewa ya sayari nyingine. Mimi naona ni sehemu moja ya kuheshimika mno katika historia ya muziki: mtu anavuka mpaka akiwa anajua kwamba anauvuka, na anasema hivyo kwa maneno.

Lakini kutunga bila Do kuna hatari moja ambayo wewe unaweza kuielewa haraka. Nota yoyote ukiirudia mara nyingi, sikio linaifanya Do. Tumezoea hivyo. Basi Schoenberg alitafuta njia ya kuhakikisha hakuna nota inayojikweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaipata: chukua nota zote 12 zilizoko kati ya Do na Do, uzipange foleni kwa utaratibu wako, na kila nota isubiri zamu yake mpaka nyingine zote 11 zipite. Foleni hiyo unaweza kuipiga kutoka mwanzo, kutoka mwisho kurudi mwanzo, kuigeuza juu chini, au vyote viwili pamoja, na unaweza kuianzia kwenye nota yoyote. Foleni moja inakupa sura 48. Hiyo Suite uliyopewa, ya miaka 1921 hadi 1923, ndiyo kazi yake ya kwanza iliyojengwa yote juu ya foleni moja. Nota zake nne za mwisho, ukizisoma kinyume kwa majina ya Kijerumani, zinatamka B-A-C-H. Na sehemu zake zina majina ya ngoma za zamani za Ulaya kama gavotte, menuett na gigue, ambazo Bach naye alizitungia muziki. Aliyeitoa Do hakutaka kabisa kujitenga na wazee wake.

Kwa hiyo ukiisikiliza tena, usihesabu foleni. Hata wataalamu hawaisikii wakiwa kitini. Iko kama nyuzi za mshonaji, na ipo ili nguo ikae. Sikiliza ngoma: mahali panaporuka, panaposita, mkono wa kushoto unapomwiga wa kulia. Na usipoipenda hata hivyo, hujafanya kosa lolote. Miaka mingi imepita, na mimi bado naiheshimu Suite ile kuliko ninavyoipenda, wakati Verklärte Nacht naipenda bila kujilazimisha.

Uliandika kwamba muziki huu "hauna moyo", nami hapo sikubaliani nawe. Mwaka 1933 Schoenberg, aliyekuwa Myahudi, alipoteza kazi yake ya kufundisha Berlin baada ya Wanazi kushika serikali. Alihamia Marekani, akafa Los Angeles mwaka 1951. Mwaka 1947 aliandika A Survivor from Warsaw, kazi ya dakika kama 7. Msimulizi anaeleza wafungwa Wayahudi wakipigwa na kuhesabiwa ili wapelekwe kuuawa, na okestra inakatakata nyuma yake. Ghafla kwaya ya wanaume inaanza kuimba Shema Yisraeli, sala ya Wayahudi, kwa Kiebrania, sauti moja, ikipingana na okestra yote. Imetungwa kwa foleni ya nota 12, na hakuna Do hata ya kuazima. Waimbishe hapo watu wanaongoja kifo kwa do-mi-so nzuri, uone kama ukweli wake utabaki.

Mwanafunzi wake Anton Webern aliubana muziki usio na Do mpaka ukawa karibu kimya; katika vipande vyake vya okestra vya namba 10 kimoja kinaisha kabla ya nusu dakika. Alifia Mittersill, Austria, Septemba 1945, vita vimeshakwisha, kwa risasi ya askari wa Marekani. Mwanafunzi wa pili, Alban Berg, nitamrudia.

Kuna watunzi wawili wa Hungaria ambao kwako wewe ni kama jamaa. Béla Bartók na Zoltán Kodály walianza kati ya mwaka 1905 na 1906 kuzunguka vijijini wakiwa na fonografu ya Edison, wakiwarekodi wakulima na bibi zao kwenye mitungi ya nta. Nyimbo za kale walizozipata zilikuwa za nota tano, na nyingi haziishii pale ambapo kitabu cha shule kinasema wimbo uishie. Bartók alivuka hata bahari: mwaka 1913 alikuwa Biskra, Algeria, akirekodi muziki wa Waarabu. Cha kushika kwake ni lafudhi ya kijiji iliyoingia ndani ya okestra ya kisasa, bila kupakwa poda. Anza na Concerto for Orchestra, aliyoiandika mwaka 1943 akiwa mgonjwa na mkimbizi nchini Marekani.

Kodály ndiye ninayetaka umjue zaidi. Alitembelea Uingereza akaona solfa ya Do inayohama, ile iliyobuniwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na mchungaji John Curwen, solfa hiyo hiyo iliyofika kwetu na wamisionari. Akairudisha Hungaria, na elimu ya muziki ya shule za nchi nzima ikajengwa juu yake. Wako watu mjini wanaoidharau solfa, wanaiita muziki wa maskini wasiojua mistari mitano. Mtunzi mmoja mkubwa wa karne ya 20 aliichagua iwe msingi wa taifa lake. Kazi yake ya kwaya, Psalmus Hungaricus ya mwaka 1923, imejengwa juu ya Zaburi ya 55, na inafaa kusikilizwa na kila mwalimu wa kwaya.

Karne ile ilikuwa na vita viwili vikubwa, na muziki wake hauwezi kueleweka mbali navyo. Urusi ya Stalin, Dmitri Shostakovich alishambuliwa na gazeti la Pravda mnamo Januari 1936 kwa sababu ya opera yake Lady Macbeth wa Mtsensk. Kichwa cha habari kiliita kazi yake vurugu badala ya muziki. Wakati ule shambulio kama hilo lingeweza kumpeleka mtu kaburini. Mwaka uliofuata akatoa Simfoni ya 5, yenye Do iliyo wazi kabisa, na mwishoni, juu ya Do hiyo, So inapigwa na kupigwa mpaka unajiuliza kama ni furaha au ni amri. Simfoni yake ya 7 ilipigwa Leningrad tarehe 9 Agosti 1942, mji ukiwa umezingirwa na watu wanakufa njaa, na wanamuziki wa redio waliobaki hai wakiwa wamedhoofika. Vipaza sauti viliipeleka hadi kwa Wajerumani waliokuwa nje ya mji.

Olivier Messiaen alikuwa mpiga ogani wa kanisa la La Trinité, Paris, tangu mwaka 1931 mpaka kifo chake mwaka 1992. Mkatoliki wa imani ya dhati, na mpenzi wa ndege ambaye alikwenda porini na daftari kuandika milio yao. Alichukuliwa mateka na Wajerumani mwaka 1940, akapelekwa kambi ya Stalag VIII-A huko Görlitz. Ndani ya kambi mlikuwa na mpiga klarineti, mpiga fidla na mpiga selo, na piano mbovu. Akawaandikia Quatuor pour la fin du temps, Kwarteti ya Mwisho wa Wakati, wakaipiga tarehe 15 Januari 1941 katika baridi kali mbele ya wafungwa na walinzi. Aliitoa kwa heshima ya malaika wa Ufunuo sura ya 10, anayeinua mkono mbinguni na kuapa kwamba wakati hautakuwapo tena. Na hakuishia kwenye maneno: aliutoa wakati kwenye muziki wenyewe. Midundo yake mingi ukiisoma kutoka mwisho inafanana na ukiisoma kutoka mwanzo, kwa hiyo haielekei popote. Katika sehemu ya tano selo inaimba wimbo wa sifa kwa umilele wa Yesu, polepole kiasi kwamba unasahau kuhesabu. Do ipo pale, ni E, lakini hakuna haraka ya kuifikia. Kama utasikiliza kitu kimoja tu kati ya vyote nilivyotaja, sikiliza hicho, usiku, taa ikiwa imezimwa.

Baada ya vita mambo yalipanuka kwa kasi, na hapa nitapita mbiombio. Vijana wa Ulaya walipanga foleni si nota tu bali hata urefu na ukubwa wa sauti. Mengi ya hayo leo ni ya wasomi. John Cage wa Marekani aliweka mpiga piano jukwaani mwaka 1952, sehemu tatu, dakika 4 na sekunde 33, bila kupiga nota hata moja, ili watu wasikie kilichomo ukumbini. Krzysztof Penderecki wa Poland aliandika ombolezo la nyuzi 52 zinazopiga kelele kama ving'ora, baadaye akalitoa kwa waliokufa Hiroshima. Karlheinz Stockhausen, mwaka 1956, katika studio ya redio ya Cologne, alichukua sauti ya mvulana akiimba wimbo wa vijana watatu katika tanuru la moto, Shadraka, Meshaki na Abednego, akaichanganya na sauti za mitambo mpaka hujui moto ni upi na mtoto ni yupi. Na kabla ya hao wa studio za Ulaya, mwaka 1944, kijana Mmisri Halim El-Dabh alirekodi mjini Cairo ngoma ya zar, ya kupunga pepo, kwenye mashine ya kurekodi kwa waya, kisha akaichezea rekodi ile kwa mwangwi na vichujio hadi ikawa kazi mpya. Anastahili kutajwa kila mara muziki wa mitambo unapozungumzwa.

Uliuliza iliwapata nini watu waliotuletea muziki huu. Sehemu ya jibu ni kwamba baadhi yao walirudi kwetu kujifunza. Mwaka 1970 Mmarekani Steve Reich alikwenda Ghana, Chuo Kikuu cha Legon, akakaa chini ya mwalimu Gideon Alorwoyie kujifunza ngoma za Waewe. Aliporudi aliandika Drumming, zaidi ya dakika 50 za mdundo mmoja unaojipisha na nafsi yake. György Ligeti, Myahudi wa Hungaria aliyempoteza baba na mdogo wake kwenye kambi za Wanazi, alisikia mwaka 1982 rekodi za tarumbeta za Wabanda-Linda wa Afrika ya Kati zilizokusanywa na Simha Arom. Akasoma pia maandishi ya mtafiti Gerhard Kubik, aliyejifunza amadinda Kampala kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka.

Amadinda ni vibao 12 juu ya migomba. Wapigaji wawili wanatazamana, mmoja akiingiza nota zake katika nafasi zilizo kati ya nota za mwenzake. Wa tatu anasikiliza nota zinazoangukia vibao viwili vya chini, anazirudia kwenye viwili vya juu. Masikio yako yanasikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Ligeti alipoelewa hilo, aliandika etude, yaani vipande vya mazoezi, za piano, kitabu cha kwanza mwaka 1985, ambamo mikono miwili ya mtu mmoja inafanya kazi ya kijiji. Naye Mganda Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, aliupitisha muziki wa Kiganda kwenye ala nne za nyuzi: kazi yake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani katika njia ya msalaba, ilirekodiwa na Kronos Quartet katika albamu ya mwaka 1992, Pieces of Africa. Wakati Vienna wakiumiza vichwa juu ya nini kishikwe pasipo Do, Buganda jibu moja lilikuwa limelazwa juu ya migomba.

Sasa kwaya yako. Anza na makofi. Reich ana kazi ya mwaka 1972 iitwayo Clapping Music, ya watu wawili na viganja vyao. Hesabu 12: kofi kofi kofi kimya, kofi kofi kimya, kofi kimya, kofi kofi kimya. Kundi la kwanza linashika hivyo mpaka mwisho bila kubadilisha. Kundi la pili linaanza pamoja nalo, kisha baada ya kurudia mara kadhaa linaruka hesabu moja, halafu nyingine, mpaka baada ya kuruka mara 12 yanakutana tena. Jaribuni polepole. Wanakwaya watapotea mara tatu au nne, na siku watakayokutana mtasikia kelele za furaha ambazo "Haleluya" huzipata kwa shida. Hiyo haihitaji solfa wala ufunguo.

Mkishazoea, tafuteni Pater noster ya Stravinsky, sauti nne, fupi, ya kanisani kabisa. Mtu yule yule wa vurugu za 1913 akisali Baba Yetu kwa unyenyekevu. Halafu Bogoróditse Djévo ya Arvo Pärt wa Estonia, ya mwaka 1990, ambayo ni Salamu Maria kwa lugha ya kanisa la Kislavoni. Pärt naye alianza na foleni za nota 12, akakaa miaka kadhaa karibu kimya, kisha mwaka 1976 akaibuka na muziki wa sauti mbili tu: moja inatembea hatua kwa hatua, nyingine haitoki kwenye do-mi-so, kama kengele. Do ilirudi, mwalimu, ila imekuwa mpole. O sacrum convivium! ya Messiaen, ya mwaka 1937, ni ya sauti nne na ni nzuri mno, lakini ngojeni mpaka sauti ya pili na ya tatu ziwe imara. Fe na ta zimejaa.

Na wewe peke yako, kabla hujamrudishia mpwa wako rekodi yake, mwombe Konseto ya fidla ya Alban Berg. Aliiandika mwaka 1935 kwa kumbukumbu ya Manon Gropius, binti wa rafiki yake, aliyefariki akiwa na miaka 18. Berg mwenyewe alikufa mkesha wa Krismasi mwaka huo huo, kabla haijapigwa. Ni muziki wa foleni ya nota 12, njia ya mwalimu wake. Lakini Berg aliipanga foleni yake kwa namna ambayo nota zake nne za mwisho zinapanda kwa hatua nzima nzima, na hatua hizo ndizo zinazoanza wimbo mmoja wa kale wa Kilutheri uliopangwa na Bach katika kantata yake ya 60, "Es ist genug", yaani Yatosha, Bwana. Katika sehemu ya mwisho, baada ya okestra kulia kwa kishindo kikubwa, fidla inauanza wimbo huo, halafu klarineti zinaupokea kwa mapatano ya Bach mwenyewe, kama ogani ndogo ya kanisa la kijijini. Shika kalamu hapo. Nota nne za kwanza utaziweza kuandika bila shida: do, re, mi, fe.